Majamvi Msiyarudishe

Mimi ni mshona magodoro. Babangu alishona magodoro hapa Kuze, mji wa kale wa Mombasa, na babake kabla yake, na ile shazia ninayoshonea, sindano ndefu kama mkono wa mtoto, niliirithi kwake. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza mwanamke wa Kuze alitafuta nini kwenye kampuni ya mieleka. Nilitafuta kazi, nikapewa ya godoro.

Ulingo wa mieleka ukiufunua turubai lake, chini yake ni mbao. Baina ya mbao na turubai lazima pawe na kitu, na kwenye Kampuni ya Mieleka ya Radi kitu hicho kilikuwa godoro langu. Usumba wa nazi niliuchambua kwa mikono hii mpaka ukawa laini, nikaujaza ndani ya kitambaa cha marikani nilichokichagua mwenyewe Biashara Street, nikaligawa godoro vyumba vyumba ili usumba usikimbilie pembeni. Watu wakija uwanja wa Tononoka walikuja kutazama misuli. Haya, na watazame. Lakini kwa miaka sita hakuna mtu aliyevunjika hata kidole, na hiyo haikuwa kazi ya misuli.

Mieleka yenyewe ilikuwa ya kupangwa, na asiyejua hilo ni yule aliyetaka kudanganywa. Joab, kijana wa bandarini mwenye mabega ya kumlazimu apite mlangoni kwa ubavu, kazi yake ilikuwa kushinda. Kenga, mtu wa Kaloleni, miaka thelathini na minane, kazi yake ilikuwa kuanguka. Msidhani ni kazi ya bure bure. Kenga alirushwa juu akatua kwa mgongo mzima kwa mpigo mmoja, kidevu amekibana kifuani, mkono umetangulia kupiga chini, watu wakashika vichwa wakajua amekwisha. Kisha huyo, anakwenda kunywa chai. Mkewe, Dama, aliyekuwa akikata tikiti mlangoni, hakuwa hata akigeuka kutazama.

Basi mwaka wa tisini na nane, mvua zile za El Nino zilipokuwa zimekwisha kutuchezea, paa la ghala letu lilivuja na godoro likanywa maji wiki nzima pasi na mtu kuniita. Nilipolifungua, usumba ulikuwa umeshikana madonge na kunuka. Nikamwambia mkubwa wetu, Bwana Barnabas Gunga, anipe wiki tatu niuoshe, niuanike, niuchambue upya. Akasema sawa. Lakini pambano la Jumamosi ile hakuliahirisha, na Kenga akaangushwa juu ya mbao na turubai tupu.

Mshindo wake ulisikika mpaka barabarani. Watu walisimama wote, wakapiga makelele ambayo hatujawahi kuyasikia. Bwana Barnabas alitoka uwanjani akisugua mikono, na Kenga alitoka ameshikwa na watu wawili. Asubuhi yake shingo haikugeuka. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, Dama alivichoma kwa pini kumjaribu, naye Kenga amefumba macho akamwuliza, "Mbona huanzi?" Daktari alimwambia wazi kwamba akianguka hivyo mara nyingine hayatakuwa mambo ya vidole. Utakuwa mwili wote kuanzia shingo kwenda chini, kama si roho yenyewe.

Bwana Barnabas akaelezwa yote hayo. Jibu lake alilileta Jael, karani wa ofisi, msichana mpole wa bara, na alilisoma kwenye karatasi bila kututazama usoni. Pambano lingine ni baada ya wiki tatu, Kenga na Joab vilevile, na godoro lisiwekwe. Nikamwuliza, lisiwekwe kwa kuwa halijakwisha? Jael akasema hapana, Bi Mwanakuu, lisiwekwe kabisa. Mkubwa anasema watu wameupenda mshindo.

Nilikaa chini. Miaka sita nachambua usumba mpaka kucha zinatoka, ili mtu aanguke arudi kwa wanawe, kumbe ninaharibu sauti.

Watu wakaanza kunung'unika. Ngowa, fundi wetu wa mbao, akasema ulingo usio na godoro hataujenga. Joab naye, jitu zima lile, akaniambia kwa siri kwamba hapati usingizi, kwa sababu mikono itakayomrusha Kenga ni yake. Kenga mwenyewe alisema hawezi, mara moja, taratibu, kwa aibu ya mtu asiyezoea kusema hawezi. Na Bwana Barnabas, badala ya kujibu, akaita mkutano. Alikuwa ametoka majuzi kwenye semina moja Nairobi ya kuwatia wafanyakazi moyo. Angetutia godoro tungemshukuru zaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mkutano ulikuwa Alhamisi, siku mbili kabla ya pambano, baada ya alasiri, kwenye ghala letu la mazoezi, lililo Kuze mlango ukitazama uchochoroni. Bwana Barnabas aliambiwa huko semina kwamba wafanyakazi wakikaa chini pamoja hujiona familia moja. Akamtuma Jael akaazime majamvi ya mtaa. Majamvi hayo hukaa kwa mzee mmoja jirani wa msikiti, na huwa hamuulizi mtu anayataka ya nini, kwa kuwa mtu mwenye msiba haulizwi. Jael akapewa majamvi manne na pole juu yake, akadhani ni pole ya kubeba mzigo.

Kisha zikaja fulana. Nyeupe pe, moja kwa kila mtu, kifuani zimeandikwa SISIKII UCHUNGU na mgongoni hazina kitu. Kenga hakuweza kuinua mkono kuivaa yake. Tulimvisha mimi na Dama, mmoja akishika kichwa, mwingine akivuta mkono, na Dama alikuwa na uso wa mtu aliyezuia machozi.

Tukakaa. Wanaume kumi na watano wa fulana nyeupe safu safu juu ya majamvi, migongo yote kwa mlango, vichwa chini. Nje ya mlango, ukutani, nilikuwa nimeliegemeza godoro langu lililopasuliwa, na usumba wake nimeuanika pembeni. Dama alisimama kizingitini akiwa amejifunga leso kichwani. Mtu wa Kuze akipita uchochoroni akaona godoro limetolewa nje, majamvi ya mtaa yametandikwa, wanaume wameketi kimya na mwanamke amesimama mlangoni na uso kama ule, hana haja ya kuambiwa. Na kwetu hapo mlangoni huulizi amekufa nani. Unavua viatu, unaingia, unaketi, utajua baadaye.

Hata kwao Bwana Barnabas matangani hutandikwa mikeka vilevile. Lakini mtu akishazoea gari lenye kiyoyozi, baadhi ya mambo hayaoni tena.

Alipanda na viatu vyake kwenye ulingo uliosimamishwa humo ghalani, juu ya mbao tupu, akaanza.

"Familia yangu," akasema. Mimi na yeye hatujawahi kula sahani moja. "Familia yangu, leo sikuja kama mkurugenzi. Nimekuja kama ndugu. Nasikia kuna hofu humu ndani."

Akatembea mpaka ukingo wa ulingo.

"Maumivu ni nini? Nawauliza. Maumivu ni habari tu ambayo mwili unaupelekea ubongo, na ubongo una haki ya kukataa kuipokea. Mimi mwenyewe mwaka jana niling'olewa jino saa tatu asubuhi, na saa sita nilikuwa mezani natia saini mkataba. Je, mtu aliniona nikilia?"

Nikamtazama Kenga. Hakuweza kuinua uso kumwona msemaji pasi na kuegemea nyuma mwili mzima, kwa hiyo alikuwa akivitazama viatu vya Bwana Barnabas tu.

Hapo ndipo wa kwanza alipoingia. Alikuwa muuza kahawa wa pale karibu. Aliweka dele lake la kahawa nje, akavua makubadhi, akaketi nyuma ya safu ya mwisho. Wakafuata wazee wawili waliokuwa wakitoka msikitini. Kisha Bi Mwanashee, ajuza wa nyumba ya tatu, ambaye tangu nina akili zangu hajakosa msiba hata mmoja katika mtaa huu, akaingia na wanawake watatu nyuma yake, buibui zao zimeshuka, wakaketi upande wangu. Bi Mwanashee aliniuliza kwa macho. Ningeweza kumwambia pale pale, mama, huu ni mkutano wa kazi. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikayameza, na sijutii mpaka kesho. Nilimsogezea nafasi akae.

Bwana Barnabas alipowaona akatanuka kifua. Alidhani sauti yake imetoka mpaka nje ikawavuta watu.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Neno jema halina mlango."

"Inna lillahi," akajibu mzee mmoja, polepole.

"Naam. Sikilizeni. Sakafu ngumu haipo. Sakafu iko hapa." Akajigonga utosini. "Anayeanguka akifikiria mbao, ataumizwa na mbao. Anayeanguka akifikiria ushindi, atatua juu ya ushindi. Godoro la kweli ni imani yako."

Damu ilinichemka, wallahi. Mtu amesimama juu ya kazi niliyokatazwa kuifanya, ananieleza godoro ni nini. Yeye nyumbani kwake analalia nini? Anautandika ushindi, au godoro la sponji la inchi nane lenye nailoni yake bado, ambalo tulilibeba mimi na Ngowa mpaka ghorofani?

Watu wakazidi kuingia. Walifika ishirini, thelathini, wengine wakaketi juu ya mifuko ya saruji. Kila Bwana Barnabas alipotua kuvuta pumzi, wazee walitikisa vichwa wakavuta uradi, na yeye akaona anaitikiwa. Sauti ikapanda. Akatutajia simba. Akatutajia tai. Sijui tai ana habari gani na shingo ya Kenga.

Kisha akafika kule alikokuwa akienda toka mwanzo.

"Kenga. Simama, ndugu yangu."

Kenga akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu alilazimika kugeuka kwanza ubavu, apige goti, ndipo ainuke, shingo imenyooka kana kwamba amejitwika ndoo.

"Huyu ndiye shujaa wetu. Miaka sita hajawahi kulalamika. Sasa wako watu wanaomtia maneno, wanamwambia Kenga wewe umezeeka, Kenga wewe mgonjwa. Mimi sisemi hivyo. Mimi namheshimu. Kenga, mbele ya familia hii yote, mbele ya wageni hawa, mbele ya mkeo: Jumamosi utapanda, ama nimtafute mwanamume mwingine?"

Hiyo ndiyo hotuba. Yale ya simba na tai yalikuwa majani ya kufunikia. Mtu mzima amesimamishwa mbele ya majirani na mkewe, akaulizwa kama ni mwanamume.

Nilimwona Kenga akitafuta mahali pa kuyaweka macho. Ngowa alisema chini chini, "Usikubali, yakhe," lakini haikufika.

"Nitapanda," Kenga akasema.

Dama akalia. Hakupiga ukelele, alilia kwa sauti ya ndani, huku ameshika mlango kwa mikono miwili. Na wanawake walioketi, waliokuwa wakingoja tu wajue mwenye msiba ni nani, wakalia naye. Ghala zima likajaa kilio. Bwana Barnabas akakunjua mikono juu ya ulingo, na machozi, naapa, machozi yakamlengalenga na yeye.

"Mnaona," akasema. "Mnaona neno linavyogusa."

Bi Mwanashee aliinuka. Alipita baina ya safu, akishika bega la huyu na la yule, mpaka akamfikia Kenga. Akauchukua mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vilivyokufa, akaufumbata kwa mikono yake miwili.

"Makiwa, mwanangu," akamhani, kama tunavyompa pole mfiwa.

Kenga ni mtu wa adabu. Akiambiwa neno lenye jibu lake, hujibu. "Tunayo, bibi," akasema, na jibu lilikuwa limeshatoka kabla hajajua amejibu nini.

"Mungu awape subira. Ni nani aliyetutoka?"

Kilio kikakatika. Hata Dama aligeuka kumtazama. Kenga akageuza mwili mzima polepole, kwanza upande huu, kisha ule. Akayaona majamvi. Akaona fulana nyeupe na wazee wameshika tasbihi. Akaliona godoro langu nje, tumbo wazi. Akawaona wanawake wa Kuze, watu asiowajua hata majina, nyuso zimelowa kwa ajili yake.

"Ni mimi, bibi," akasema. "Lakini bado. Ni Jumamosi."

Bi Mwanashee hakuuachia ule mkono. Alinigeukia mimi. "Mwanakuu, hebu n'ambie."

Nikamwambia, na sikupamba. Nikasema huyu huangushwa kwa kazi, na shingo imeshaumia. Nikasema daktari amekataza, godoro limekatazwa, na yule bwana kule juu ametuita kutueleza kwamba sakafu iko kichwani. Nilipomaliza, mzee wa tasbihi alisema astaghfirullah mara tatu.

"Mama, samahani," Bwana Barnabas akasema kule juu, akitabasamu tabasamu la ofisini, "pana kutoelewana kidogo. Huu ni mkutano wa kampuni. Hakuna aliyekufa."

"Nimesikia, bwana," Bi Mwanashee akamjibu, kwa heshima zote. "Basi sisi tutarudi Jumamosi. Majamvi msiyarudishe."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nimesikia watu wengi wakitukanwa katika maisha yangu, lakini sijaona aliyepauka kama Bwana Barnabas alivyopauka kwa maneno yale. Akarudi nyuma hatua moja, na mbao zikalia chini ya kisigino chake, zile zile za mshindo, na ghala zima likashtuka.

"Kenga," akasema, na sauti haikuwa tena ya hotuba. "Umeshakubali mbele ya watu. Unapanda au hupandi?"

Kenga aliitazama fulana yake. Alijaribu kuivua, mkono ukakataa kupanda. Joab akainuka, akaja, akaishika ile fulana kwenye ukosi na kuipasua mpaka chini, ikamtoka Kenga pasi na kumgusa shingo. Mikono ile ile.

"Bwana, mimi nimeshahaniwa," Kenga akasema. "Mtafute mwingine."

Akamshika Dama, wakatoka. Bwana Barnabas akamwita Ngowa, Ngowa akawa anakunja jamvi. Akamwita Joab, Joab akamwambia pasi na mtu wa kumrusha yeye hana kazi. Akamwita Jael alete orodha ya majina, na Jael, msichana yule ambaye hajawahi kumkatalia mtu, akaketi pale pale kwenye jamvi karibu na Bi Mwanashee na asiinuke. Mimi nilitoka nje kuuokota usumba wangu.

Pambano la Jumamosi halikuwako. Kampuni ilijikokota miezi michache, kisha ghala likapangishwa mtu wa mchele. Ningependa kusema Bwana Barnabas alipata funzo, lakini nimechoka kusema uongo kwa ajili ya watu wa aina yake. Siku hizi yeye ndiye anayealikwa kwenye hizo semina. Jael alikwenda semina moja kwa ajili ya kazi yake mpya, akamsikia kwa masikio yake. Bwana Barnabas anasimulia kwamba aliwahi kuzungumza na wafanyakazi wake Mombasa, mji wa kale, akazungumza kwa moyo mpaka watu wa njiani wakaacha biashara zao wakaingia, wakavua viatu, wakaketi chini wakamsikiliza, na wanawake wakalia. Watu humpigia makofi.

Na hakuna hata neno moja la uongo. Hilo ndilo linaloniunguza.

Kenga sasa tunafanya kazi pamoja, mimi nashona, yeye anachambua usumba kwa mkono wa kushoto. Vile vidole vitatu havikurudi. Juzi shazia ilimwingia katika kimojawapo mpaka katikati, naye anaendelea kunieleza habari za wanawe, hadi nilipoiona damu kwenye marikani nikamshika mkono. Aliitazama ile sindano, akacheka kidogo, akaniambia, "Bi Mwanakuu, mimi ndiye pekee niliyefuata maneno ya ile fulana."